Bakteria kwenye damu: siku mbili ni nyingi mno

Bakteria wakiingia kwenye damu, mgonjwa hana muda. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 waliofariki hospitalini, 26 walikuwa na bakteria kwenye damu. Saba katika kila kumi ya hao walifariki ndani ya siku mbili za kulazwa.

Sasa piga hesabu. Kipimo cha kawaida ni kuotesha bakteria kwenye chupa ya damu, siku moja au mbili. Kisha maabara hujaribu dawa ipi itawaua, siku nyingine tena. Muda wote huo daktari anatibu kwa kukisia, na dawa hiyo huenda bakteria wameshaizoea.

Vipimo vya haraka husaka jeni za usugu pindi chupa inapoonyesha bakteria wameota. Majibu hutoka kwa saa chache. Havinasi kila usugu, hivyo kuotesha hakuachwi.

Rai yangu: kaunti zetu zikipanga bajeti ya afya, maabara isiwekwe mkiani. Nasi tuache kununua viuavijasumu dukani kama peremende. Usugu tunaufuga wenyewe.