Bomu la Atomu na Askari wa Bama

Tarehe 6 Agosti 1945 Marekani iliangusha bomu la atomu Hiroshima, na siku tatu baadaye jingine Nagasaki. Hadi mwaka ulipokwisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na kama 70,000 Nagasaki, wengi wao raia. Agosti 15 Japani ikatangaza kusalimu amri.

Watetezi wa Rais Truman husema bila mabomu hayo Japani ingevamiwa kuanzia Novemba, na damu nyingi zaidi ingemwagika. Hoja hiyo inaigusa pwani yetu. Batalioni ya 26 na ya 36 za Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, zote za Tanganyika, zilipigana Bama katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, mvua za kusi zikinyesha na njia zikiwa matope matupu, divisheni hiyo iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Februari mwaka huohuo meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa ikielekea Colombo. Karibu na Maldivi ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Familia zilizokuwa bado na vijana vitani zilikuwa na kila sababu ya kutaka vita viishe upesi.

Hata hivyo, hoja za wapinzani zina uzito zaidi. Julai 1945 Leo Szilard na wanasayansi wenzake wa mradi wenyewe wa bomu walimsihi Truman asilitumie kabla Japani haijapewa masharti bayana ya amani. Agosti 8 Muungano wa Kisovieti nao uliitangazia Japani vita. Uchunguzi rasmi wa Marekani wa 1946 ulisema Japani ingesalimu amri kabla ya mwaka 1945 kwisha hata bila bomu, ingawa baadhi ya wanahistoria wanaupinga. La Nagasaki ndilo gumu kabisa kulitetea: Tokyo ilipewa siku tatu tu za kupima yaliyotokea Hiroshima.

Tena, sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga, kwa mikono ya Wakongo ambao hakuna aliyewaambia ni ya nini. Mwaka 1996 nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitia saini Mkataba wa Pelindaba unaopiga marufuku silaha za nyuklia barani. Ulianza kutumika 2009.