Macho ya Manjano Yanaficha Nini?

Katika vijiji vya mwambao wa Bagamoyo, Mlingotini ikiwamo, mtu akionekana weupe wa macho yake umegeuka rangi ya binzari, ugonjwa wake hupewa jina kabla hajafika zahanati. Mmoja atasema ni homa ya manjano, mwingine atasema nyongo imepanda, na mzee mmoja atataja safura. Majina hayo yana asili yake. Safura ni neno la Kiarabu lenye maana ya manjano na nyongo, ingawa siku hizi tunalitumia zaidi kwa upungufu wa damu unaoletwa na minyoo. Homa ya manjano, kwa upande wake, ni ugonjwa mahususi wa virusi vinavyoenezwa na mbu, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu Tanzania miongoni mwa nchi ambazo uwezekano wa kuupata ni mdogo. Kwa hiyo mtu wa Mlingotini anayeambiwa ana homa ya manjano, karibu kila mara anaumwa kitu kingine. Ninaloamini ni kwamba jina hilo la haraka ndilo linalotuponza, kwa sababu likishatamkwa maswali hukoma, na chanzo halisi huendelea kufanya kazi yake ndani ya mwili.

Manjano ni dalili. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, na zikifa huacha taka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huipokea taka hiyo, huibadilisha ili iyeyuke majini, kisha huimwaga utumboni pamoja na nyongo, na hapo ndipo choo kinapopata rangi yake ya kahawia. Mambo yanaweza kuharibika kabla ya ini, chembe za damu zinapovunjika kwa wingi kupita kiasi. Yanaweza kuharibika ndani ya ini lenyewe. Au baada ya ini, mfereji wa nyongo unapozibwa na kijiwe au na uvimbe wa kongosho. Mfereji ukiziba, choo hupauka kama majivu, mkojo hukolea kama chai ya rangi, na ngozi huwasha usiku kucha. Chembe zikivunjika, choo hubaki na rangi yake lakini viganja hupauka na mgonjwa hutweta kwa kazi ndogo. Kumuuliza mgonjwa rangi ya choo chake hakuhitaji mashine wala umeme, lakini ni swali ambalo wengi wetu tunaona haya kuliuliza, na wengi zaidi wanaona haya kulijibu.

Jina linalofunga maswali kuliko yote ni malaria. Mwaka 2004 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Damu yao ilipopimwa kwa uangalifu, wenye vimelea walikuwa 2,062 tu. Waliokuwa na vimelea walikufa kwa kiwango cha karibu asilimia 7, na wasiokuwa navyo walikufa kwa asilimia 12. Yaani waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliopewa jina lisilo lao. Utafiti mwingine uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watu 870 waliolazwa na homa: matabibu waliwaandikia malaria asilimia 60.7 kati yao, na waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa magonjwa yaliyokuwa yamejificha nyuma ya jina hilo ni homa ya mgunda.

Najua atakayesema kwamba Moshi ni nyanda za juu na kwamba huku kwetu pwani malaria ipo kweli. Ipo, na kwa sababu hiyo hoja inazidi uzito. Mtu mzima aliyekulia pwani anaweza kubeba vimelea vichache bila kuumwa navyo. Kipimo cha haraka kikisema anavyo, hakijasema kwamba ndivyo vilivyomgeuza macho. Kipimo kikisema hana, kitulazimishe kutafuta kwingine. Kikisema anavyo, atibiwe malaria siku hiyo hiyo, kisha maswali yaendelee. Malaria kali yenyewe huleta manjano na huua upesi, kwa hiyo simlaumu tabibu anayeanza nayo. Ninachopinga ni kuishia hapo.

Homa ya mgunda inastahili kukaa akilini mwa kila anayelima mpunga kwenye bonde la Ruvu. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi kwenye maji na tope, na huingia kwa mtu kupitia mchubuko wa mguu. Ukali wake ukizidi, hushambulia ini na figo na macho hugeuka manjano. Mwezi Julai 2022, huko Ruangwa mkoani Lindi, watu 20 waliugua homa, maumivu ya kichwa na kutokwa damu puani, na 3 wakafa. Sampuli zilipimwa Ebola, Marburg na Korona, zote zikarudi bila kitu, na wapimaji hawakukoma mpaka walipomkuta bakteria huyo. Dawa zake ni za kawaida, penisilini na doksisaiklini.

Wakati mwingine chanzo hakiko kwenye maji wala kwa mbu, kiko ghalani. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kutapika, kujaa matumbo na kugeuka manjano. Wagonjwa walifikia 68 na waliokufa walikuwa 20. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokaushwa vizuri. Kenya ilikuwa imelipitia jambo hilo mwaka 2004, hasa kwenye maeneo ya Makueni na Kitui, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafa. Pwani hatulimi mahindi mengi, lakini tunakula ugali wa mahindi ya bara kila siku. Kwa hiyo watu kadhaa wa nyumba moja wakigeuka manjano kwa pamoja, unga wao ukaguliwe pamoja na damu yao.

Kosa la kuishia kwenye jibu la kwanza hata wakubwa wa sayansi wamelitenda, tena kwenye mwambao huu huu. Robert Koch, aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuja Dar es Salaam mwaka 1897 na kuwachunguza wagonjwa wa homa ya mkojo mweusi, ambao macho yao yalikuwa manjano na mkojo kama kahawa. Aliona wengi wao walikuwa wamemeza kwinini, akahitimisha kwamba kwinini ndiyo iliyowapa sumu. Wapinzani wake walishikilia malaria. Kila upande ulikuwa umeshika kipande. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walieleza kwa nini primakwini, dawa nyingine ya malaria, huvunja damu ya baadhi ya watu na kuwaacha wengine: wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Hali hiyo hurithiwa, huwapata zaidi wanaume, na imeenea palipo na malaria, pwani yetu ikiwamo. Mtu wa namna hiyo anaweza kugeuka manjano kwa dawa fulani, kwa maambukizi, au hata kwa vile vidonge vyeupe vinavyowekwa sandukuni kufukuza nondo, na mtoto mchanga aliyevishwa nguo zilizotoka humo ndiye yuko hatarini zaidi.

Watoto wa selimundu nao hupotezwa na jina. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wa selimundu kila mwaka, na Muhimbili imekuwa na mpango maalumu wa kuwafuatilia tangu 2004. Chembe zao hufa mapema mno, kwa hiyo macho hubaki na umanjano unaokuja na kuondoka. Mtoto wa namna hiyo anaweza kumezeshwa dawa mseto mara kumi, apelekwe kwa mganga kwa kudhaniwa amerogwa, na asipimwe hata mara moja kile kipimo cha damu kinachoonyesha alivyozaliwa.

Hoja ngumu kuliko zote ni hii: mbona wengi hupona kwa dawa za mitishamba? Ni kweli wanapona, na hakuna haja ya kumwita mganga mwongo. Homa ya ini aina ya A, na mara nyingi ya E, hupita yenyewe ndani ya wiki kadhaa, na aliyetoa dawa wiki ya tatu ndiye atakayesifiwa wiki ya tano. (Wajawazito ni habari nyingine, kwani aina ya E inaweza kuwaua.) Hatari iko kwa mwenye aina ya B. Umanjano unaweza kuondoka naye akasherehekea, huku virusi vimebaki kwenye ini, na miaka mingi baadaye vikaleta kusinyaa kwa ini au saratani. Watoto wetu walianza kuchanjwa dhidi yake mwaka 2002. Watu wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo. Aliyepona manjano bila kuambiwa ilikuwa aina gani, bado anastahili kipimo.

Na kuna mtoto mchanga. Zaidi ya nusu ya watoto huwa manjano kidogo siku za mwanzo na hali hiyo hupita, kwa hiyo bibi anaposema aanikwe jua la asubuhi anasema kwa uzoefu. Lakini manjano yanayoanza ndani ya saa 24 za kwanza, au yanayomfanya mtoto alegee na kukataa ziwa, yanaweza kuharibu ubongo jua likiwa linasubiriwa. Vilevile wako wachache waliozaliwa na njia ya nyongo iliyoziba, na upasuaji wao hufaulu zaidi ukifanyika kabla ya siku 60. Mama, mtoto wako akitimiza wiki mbili na macho bado ni manjano, fungua nepi uangalie choo. Kikiwa cheupe au kimepauka kama majivu, usingoje kliniki ya chanjo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulichokiona.