Sahani ya Mtoto

Katika nyumba zetu nyingi sala ya chakula huombwa, kisha nyama hupakuliwa kwa baba na kwa mgeni, na mtoto mdogo hupewa tonge la ugali na mchuzi kidogo. Hatulaumu desturi ya kumheshimu mkubwa. Lakini twauliza: yule mdogo, ambaye tumbo lake limejaa, je, mwili wake nao umeshiba?

Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, aliandika habari za watoto walioletwa kwake. Miguu yao ilivimba, nywele ziligeuka rangi, ngozi ilibambuka, nao walikuwa wanyonge. Walikuwa wamelishwa uji wa mahindi usiotiwa kitu. Wenyeji wa Accra, katika lugha yao ya Ga, waliuita ugonjwa huo kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu ndugu yake amezaliwa. Mwaka 1935 daktari yule alilitangaza jina hilo, na hata leo madaktari wa nchi nyingi hulitumia. Sisi twauita unyafuzi.

Basi angalieni jinsi jina lenyewe linavyoonyesha saa ya hatari: ni pale mtoto aachapo ziwa, wala hapati badala yake chakula cha kumjenga. Lakini wako kwetu wasemao kwamba mtoto amevimba kwa sababu wazazi wake wamevunja mwiko. Mama hushitakiwa na wakwe, baba hunung'unika, na huku wakubwa wakihukumiana mtoto azidi kudhoofika. Ndugu zetu, hayo hayatupasi. Wanafunzi walipouliza habari za mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyefanya dhambi, Bwana wetu hakuwakubalia. Mtoto aliyevimba apelekwe hospitali, si barazani.

Tena imetupasa kujua chakula kifaacho. Miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake. Kisha apewe vyakula vingine, huku akinyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Tumbo lake ni dogo. Kwa hiyo mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ale mara 3 au 4 kwa siku, wala asingoje mlo wa wakubwa.

Ugali, wali, muhogo na viazi hutia nguvu, lakini peke yake havitoshi. Maharage, kunde, karanga, dagaa, samaki, maziwa, mayai na nyama hujenga mwili. Mchicha, kisamvu, maboga, papai na maembe huulinda. Kila siku mtoto aonje katika kila fungu. Uji uwe mzito, utiwe karanga au dagaa zilizosagwa laini. Mboga zipikwe kwa mafuta kidogo, zisichemshwe mno. Chai si chakula cha mtoto; tena huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vema.

Haya hayahitaji mali nyingi. Tumeona nyumba ambamo kuku wanataga uani, na mayai yote yanapelekwa sokoni, na fedha yake inanunua chai na sukari. Wengine humnyima mtoto mayai kwa kufuata miiko ya zamani. Mayai mawili matatu kwa juma yakibaki nyumbani, nyumba haitafilisika.

Nanyi walimu, mwaona watoto wengi kuliko sisi. Mkimshuku mdogo wa mwanafunzi wenu, mwambieni mama abonyeze kwa kidole gumba juu ya nyayo zake zote mbili, ahesabu mpaka tatu, kisha aachie. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, aende hospitali siku ile ile.

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Enyi akina baba, neno hili ni lenu kwanza, maana mkono wenu ndio utanguliao katika kitoweo. Leo jioni, baada ya kuomba, sahani ya mdogo ipakuliwe mbele ya yenu, na kipande cha samaki kiwe ndani yake. Heshima yenu haitapungua. Na Mungu aliyewapa mtoto huyo atawabariki.