Huna homa, huna kikohozi, lakini una korona: Ni wangapi walio hivyo?

Baada ya kafyu ya usiku kuondolewa kote nchini Oktoba 20 mwaka 2021, shughuli zilirejea katika Kaunti ya Kwale. Harusi, hitma na maulidi ya Mfungo Sita zilifanyika Majoreni, Shimoni, Vanga na Lunga Lunga, na watu walikaa tena bega kwa bega. Pamoja na shughuli hizo lilirudi swali ambalo wakazi wengi walijiuliza: kama korona ipo kweli, mbona hapa kwetu hatuoni wagonjwa?

Ni swali la haki na linahitaji jibu. Jibu lenyewe ni kwamba watu wengi wanaoambukizwa virusi vya korona hawaumwi kabisa, au huumwa kidogo tu wakadhani ni mafua ya kusi au malaria iliyokuja ikapita. Makala haya yanaeleza wataalamu walijuaje hilo, idadi ya watu hao inakisiwa kuwa kubwa kiasi gani, na kwa nini jambo hili linahusu moja kwa moja nyumba yenye mzee ndani yake.

Damu ilivyotoa siri

Kipimo cha kawaida cha korona, kile cha kutia kijiti puani, huonyesha kama mtu ana virusi siku hiyo. Hakiwezi kueleza kama aliwahi kuambukizwa miezi mitatu iliyopita. Lakini mwili ukishapambana na virusi huacha alama katika damu. Alama hizo huitwa kingamwili, nazo hubaki kwa miezi kadhaa hata kwa mtu ambaye hakuwahi kulala kitandani hata siku moja.

Watafiti wa taasisi ya KEMRI iliyoko Kilifi, kwa ushirikiano na huduma ya taifa ya damu salama, waliitumia njia hiyo mapema. Walichukua sampuli 3,098 za damu iliyotolewa na wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020. Wachangiaji damu ni watu waliojihisi wazima, kwa sababu mgonjwa haruhusiwi kutoa damu. Hata hivyo, sampuli 174 zilikuwa na kingamwili za korona. Baada ya hesabu kurekebishwa ili iwakilishe nchi, ilionekana kuwa asilimia 4.3 walikuwa wameshaambukizwa. Mombasa, jirani zetu ng'ambo ya kivuko cha Likoni, ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 8.0, ikifuatwa na Nairobi kwa asilimia 7.3 na Kisumu kwa asilimia 5.5.

Asilimia nne inaweza kuonekana ndogo. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na zaidi ya nusu yao wana umri wa kati ya miaka 15 na 64, ambao ndio umri wa wachangiaji damu. Asilimia 4.3 ya kundi hilo ni zaidi ya watu milioni moja. Kufikia Julai 31, 2020, vipimo vya hospitali nchi nzima vilikuwa vimewanasa watu 20,636 tu. Yaani kwa kila mtu aliyejulikana, makumi walikuwa wamepita bila kujulikana.

Hali haikuishia hapo. Kufikia Septemba 2020 kiwango cha kitaifa kwa wachangiaji damu kilikuwa kimepanda hadi asilimia 9.1. Sampuli za kati ya Januari na Machi 2021 zilionyesha asilimia 48.5, karibu mtu mmoja kati ya kila wawili.

Oktoba 14 mwaka 2021, ofisi ya Shirika la Afya Duniani barani Afrika ilitoa makadirio yanayofanana na hayo. Ilisema kwamba barani Afrika, kati ya maambukizi saba, ni moja tu lililokuwa likigunduliwa. Visa vilivyoripotiwa vilikuwa zaidi ya milioni 8, lakini maambukizi yenyewe yalikisiwa kufikia milioni 59.

Madereva wa malori na wahudumu wa afya

Kwetu sisi tunaoishi karibu na mpaka, kuna takwimu nyingine inayotuhusu. Mwezi Oktoba 2020, watafiti waliwapima madereva wa malori na mataniboi wao nchini. Asilimia 42.3 walikuwa na kingamwili. Hawa walikuwa watu walioko kazini, wanaoendesha magari, wanaokula hotelini na kulala njiani. Kiwango chao kilikuwa kikubwa kuliko cha wachangiaji damu, na pia kuliko cha wahudumu wa afya, ambao kwa jumla walipatikana na asilimia 20.8.

Wakazi wanakumbuka kwamba Mei 16, 2020 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kwa abiria, huku malori ya mizigo yakiruhusiwa kupita kwa sharti madereva wapimwe. Wengi waliona ajabu kumwona dereva mwenye nguvu zake akizuiwa mpakani. Takwimu hii inaonyesha sababu. Kumtazama mtu usoni hakutoshi kujua kama ana virusi.

Kutojulikana si sawa na kutokuwa na dalili

Hapa inafaa kuwa waangalifu. Damu inaeleza ni wangapi waliambukizwa. Haielezi ni wangapi kati yao hawakuhisi chochote. Katika ile milioni moja na zaidi walikuwamo watu waliokohoa siku tatu, wakanywa chai ya tangawizi na kurudi shambani bila kupimwa. Hao walikuwa na dalili, ila hawakuhesabiwa.

Ili kujua wasio na dalili kabisa, ni lazima kuwapima watu wote katika kundi, wazima na wagonjwa, kisha kuwafuatilia. Kazi hiyo ilifanyika katika nchi mbalimbali.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa meli ya watalii iitwayo Diamond Princess, iliyozuiliwa katika bandari ya Yokohama, Japani, Februari 2020. Ilikuwa na watu 3,711, na 712 kati yao walipatikana na virusi. Siku walipopimwa, karibu nusu hawakuwa na dalili zozote. Lakini baadhi yao walianza kuumwa siku zilizofuata. Watafiti walipofanya hesabu upya, walikadiria kwamba waliobaki bila dalili mwanzo hadi mwisho ni takriban asilimia 18.

Nchini Iceland, watu wa kawaida walialikwa kupimwa, na asilimia 43 ya waliopatikana na virusi walisema hawakuwa na dalili. Katika mji mdogo wa Vo' nchini Italia, ambako karibu wakazi wote walipimwa, kiwango kilikuwa asilimia 42.5.

Mbona takwimu zinatofautiana hivyo? Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni wakati wa kuuliza. Ukimuuliza mtu siku anapopimwa, unawahesabu pia wale ambao wataanza kuumwa kesho kutwa. Ya pili ni umri. Abiria wengi wa meli ile walikuwa wazee, na mwili wa mzee huonyesha ugonjwa zaidi kuliko wa kijana. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2020 ulikadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano wanaoambukizwa habaki na chochote cha kusimulia. Tafiti nyingine zinafika wawili kati ya watano au zaidi. Kenya ni nchi ya vijana, hivyo tusishangae watu wa aina hii wakiwa wengi miongoni mwetu.

Je, asiye na dalili anaambukiza?

Ndiyo. Hapa kuna makundi mawili, na inafaa tuyatofautishe.

Kundi la kwanza ni la wale ambao bado hawajaanza kuumwa. Dalili za korona kwa kawaida hutokea siku 5 au 6 baada ya kuambukizwa, na zinaweza kuchukua hadi siku 14. Mtu huanza kuambukiza wengine takriban siku mbili kabla ya dalili, na wakati huo virusi huwa vingi kooni na puani. Hili ndilo kundi la hatari zaidi, kwa kuwa mtu anaendelea na shughuli zake bila kujua.

Kundi la pili ni la wale ambao hawataumwa kamwe. Hawa huambukiza pia, ingawa tafiti zinaonyesha kwamba kwa wastani huambukiza watu wachache zaidi kuliko wenye dalili. Hata wasipokohoa, wanaongea, wanacheka, wanaimba kaswida na kwaya, na pumzi hutoka.

Hesabu moja iliyofanywa na wataalamu wa Marekani na kuchapishwa Januari 2021 ilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya maambukizi hutokana na watu wa makundi haya mawili wakijumlishwa. Ndiyo maana kipima joto mlangoni mwa hoteli au afisi hakitoshi. Kifaa kile humnasa mwenye homa tu.

Chukua mfano wa nyumba ya kawaida Majoreni. Kijana anatoka na chombo baharini, analeta samaki bandarini, anaongea na wachuuzi, jioni anarudi nyumbani. Ana nguvu kama jana. Nyumbani yumo nyanya yake mwenye presha na kisukari, na wanakula sinia moja. Kijana hatakuwa na lolote la kumkumbusha kuchukua tahadhari. Anayeumwa hapo ni nyanya, na familia itasema ugonjwa ulianzia kwake, kumbe uliingia kwa miguu ya mwingine.

"Basi kama wengi hawaumwi, si ugonjwa mdogo?"

Hoja hii husikika sana, na ina ukweli nusu. Kwa kijana mmoja, uwezekano wa kuzidiwa ni mdogo. Lakini ugonjwa unaowapata mamilioni, hata ukimlaza mmoja kati ya mamia, hujaza wodi. Zaidi ya Wakenya 5,000 wameripotiwa kufariki kutokana na korona hadi sasa. Kaunti yetu ilikuwa na wakazi 866,820 katika sensa ya 2019, na hospitali yetu ya rufaa ni ile ya Msambweni. Mgonjwa wa Majoreni anayeshindwa kupumua usiku ana safari mbele yake kabla ya kufikia hewa ya oksijeni.

Wengine husema kwamba kama nusu ya watu walikuwa na kingamwili kufikia Machi 2021, basi tumeshakingika. Wimbi la virusi vya aina ya Delta lilikuja baada ya Machi, katikati ya mwaka 2021, na wodi zikajaa tena. Kuambukizwa zamani kunasaidia, lakini kinga hupungua na virusi hubadilika.

Tufanye nini?

• Chanja. Mwaka 2021 kila mwenye umri wa miaka 18 na zaidi alistahili chanjo, nayo ilitolewa bila malipo. Huhitaji kupimwa kingamwili kwanza. Hata kama uliwahi kuambukizwa bila kujua, chanjo huongeza kinga yako. Aliyechanjwa anaweza kuambukizwa na asihisi kitu, lakini uwezekano wa kuzidiwa hupungua sana.

• Wazee na wenye maradhi ya kudumu watangulie. Kama gari ni moja na nafasi ni chache, mpeleke babu au nyanya kwanza.

• Vaa barakoa unapokuwa na watu wengi mahali pamefungika, iwe ni matatu, ukumbi, msikiti au kanisa, hata ukijihisi mzima. Barakoa hiyo unaivaa kwa ajili ya mwenzako kabla ya kuivaa kwa ajili yako.

• Fungua madirisha. Mikutano, mazishi na harusi zifanyike uwanjani au chini ya mwembe inapowezekana.

• Ukiambiwa ulikaa karibu na mtu aliyepatikana na virusi, usingoje dalili. Jitenge na uulize kuhusu kupimwa katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au kupitia mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chako.

• Ukipatikana na virusi bila dalili, jitenge; mwaka 2021 muda uliotakiwa ulikuwa siku 10 tangu siku ya kipimo. Ukianza kubanwa na kifua au kukosa pumzi, nenda hospitali mara moja.

• Usimnyooshee kidole jirani aliyeambukizwa. Anayeogopa kusemwa hajitokezi kupimwa, na asiyepimwa huendelea kuambukiza. Kwa takwimu tulizoziona, huenda hata anayesema alishaambukizwa naye bila kujua.

Kwa maelezo zaidi kuhusu korona, piga simu ya bure ya Wizara ya Afya, nambari 719, au fika katika zahanati iliyo karibu nawe.