Gazeti Linalovunjika: Fani na Maudhui katika Kazi za Mishima Kimiyo

Muhula uliopita, katika semina yetu ya nadharia ya uhakiki, nilitoa mfano ulioniponza. Tulikuwa tunajadili ule mfano wa siku zote, kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo ndani yake. Nikasema yupo mfinyanzi mmoja wa Japani aliyetengeneza magazeti kwa udongo na kuyachoma kwenye tanuri, na kwamba kwake yeye kikombe chenyewe ndicho chai. Darasa likacheka. Mwenzangu mmoja akauliza, "Sasa hapo maudhui yako wapi, ndugu? Gazeti la udongo hata karanga halifungi!" Nikakosa la kusema, nikakaa. Makala haya ndiyo jibu langu. Limechelewa, lakini limefika.

Mfinyanzi mwenyewe ni Mishima Kimiyo (Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Mishima si jina lake la kwanza). Alizaliwa Osaka mwaka 1932 na alifariki Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 91. Niseme mapema kwamba sijawahi kuiona kazi yake hata moja kwa macho yangu. Nimeziona katika picha tu, na suala hili la picha nitalirudia kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba Mishima hakuzaliwa mfinyanzi. Japani ni nchi yenye koo za ufinyanzi. Ukoo wa Raku wa mjini Kyoto, kwa mfano, umekuwa ukitengeneza mabakuli ya chai kwa zaidi ya miaka 400, baba akimrithisha mwana. Mtu wa koo hizo hukua akijua kwamba chombo ni cha kutumiwa. Ni kweli kwamba kabla ya Mishima walikuwapo waliokwisha kulivunja sharti hilo. Mwaka 1954 Yagi Kazuo, pia wa Kyoto, alitengeneza duara la udongo lililochomoza vijibomba huku na huku, kitu kisichoweza kutia maji wala maua, akakiita Matembezi ya Bwana Samsa. Sisi wa fasihi tunamjua huyo Samsa: ndiye yule wa Kafka aliyeamka asubuhi akajikuta amegeuka mdudu. Chungu kimegeuka kitu kisicho chungu. Lakini Yagi alikuwa mwana wa mfinyanzi, aliasi kutoka ndani ya nyumba. Mishima alitoka nje kabisa. Alikuwa mwanamke, mchoraji wa rangi za mafuta, mke wa mchoraji mwenziwe Mishima Shigeji ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Hakuwa na ukoo wa kuuasi.

Katika miaka ya 1960 alikuwa akibandika vipande vya magazeti na majarida juu ya turubai na kuvichanganya na rangi. Wengi walikuwa wakifanya hivyo wakati ule, Ulaya na Marekani pia. Kama angeishia hapo, sidhani kama ningekuwa na la kuandika.

Badiliko likaja mwaka 1971. Ni afadhali nieleze kazi ilivyofanyika, maana hapa ndipo hoja yangu ilipolala. Udongo husukumwa mpaka uwe mwembamba, tuseme kama chapati. Kisha kurasa za gazeti huchapwa kwa njia ileile inayotumika kuchapa fulana za kampeni: kitambaa laini kilichokazwa kwenye fremu, wino unasukumwa upite pale tu palipoachwa wazi. Tofauti ni kwamba wino huu una madini, hauungui motoni. Maandishi yakishahamia kwenye udongo, mfinyanzi huukunja na kuufinya kama mtu anavyolifinya gazeti alilokwisha kulisoma, halafu anauacha ukauke na kuuchoma. Kinachotoka tanurini ni gazeti lililofinywa, na vichwa vya habari vyake, matangazo yake na mikunjo yake. Ukiliangusha linavunjika. Mwenyewe aliziita kazi hizi machapisho yanayovunjika.

Sasa turudi kwenye picha. Nilipoiona kazi yake kwa mara ya kwanza katika kitabu, niliona gazeti kuukuu tu, nikafungua ukurasa wa pili. Ni maelezo yaliyo chini ya picha yaliyonirudisha. Habari zilizochapwa pale hazikubadilika hata herufi moja kati ya mara ya kwanza na ya pili nilipotazama. Kilichobadilika ni kwamba sasa nilijua ni udongo. Nikaanza kuogopa kuligusa, mimi niliyekuwa nimeshika karatasi! Hebu mwenzangu wa semina aniambie: ile hofu iliingia kupitia fani au kupitia maudhui? Ukimimina "chai" ya kazi ile kwenye kikombe kingine, yaani ukizichapa habari zilezile kwenye karatasi, unabaki na gazeti la jana. Hofu yote imekwisha.

Na hofu ndiyo dhamira kuu. Mishima alieleza mara nyingi kwamba alikuwa na wasiwasi juu ya mafuriko ya habari, kwamba mtu anaweza kuzikwa chini yake. Gazeti la asubuhi huthaminiwa sana, na jioni ni takataka. Yeye akakichukua kitu chepesi kuliko vyote, kinachotupwa kuliko vyote, akakipa uzito na akakipa udhaifu wa chungu. Kuna kinaya humu. Udongo uliochomwa hudumu maelfu ya miaka ardhini, wanaakiolojia wanaishi kwa vigae. Lakini hudumu ukiwa umevunjika.

Baada ya magazeti alitengeneza maboksi, makopo ya vinywaji, majarida ya katuni, mapipa ya taka. Hapa sitajifanya shabiki. Makopo yananichosha kidogo. Yamefanana na makopo halisi kiasi kwamba mtazamaji anabaki kushangaa ufundi, anasema "lo!", kisha anaondoka. Msanii akishatufanya tuulize "amewezaje?", mara nyingi hatuulizi tena "kwa nini?". Maboksi na makopo yapo mengi katika kazi yake na sioni sababu ya kuyatetea yote.

Lakini yapo matofali. Kuanzia mwaka 1984 hadi 2013, karibu miaka 30, Mishima alikuwa akiijenga kazi moja kuhusu kumbukumbu ya karne ya ishirini. Alichukua matofali ya tanuri yaliyokwisha kutumika, akachapa juu yake habari za magazeti alizozichagua kutoka miaka yote 100 ya karne hiyo. Yalifika matofali 10,600. Yametandazwa sakafuni katika jengo la sanaa la Jonanjima, Tokyo, kama mji uliobomoka ukionekana kutoka juu ya ndege. Vita, chaguzi, matangazo ya biashara, vyote vimelala pamoja, hakuna kilicho juu ya mwenzake. Anayetaka kusoma sharti ainame, na akiinama atasoma matofali mangapi kati ya 10,600? Wanahistoria wetu wa fasihi huipanga karne kwa sura na vipindi. Mishima ameitupa chini kama shehena iliyomwagwa na lori, na sina hakika kama yeye ndiye mwongo kati yao.

Tazama pia mali ghafi inavyobadilika kadiri miaka inavyokwenda. Alianza na karatasi, akaenda kwenye udongo, kisha tofali kuukuu. Katika miaka ya 2000 akaanza kutumia masalia ya taka zilizochomwa kwa joto kali mpaka zikayeyuka. Yaani aliyekuwa akifinyanga sanamu za takataka sasa anazifinyanga kwa takataka yenyewe. Katika kisiwa cha Naoshima lipo pipa lake la taka la mwaka 2005, kubwa kuliko mtu, limesimama hewani, limejaa magazeti na matangazo ya kufinyangwa. Msomaji anaweza kudhani ni mzaha wa watalii. Basi ajue kwamba jirani ya hapo kipo kisiwa cha Teshima, ambako taka za viwanda zilimwagwa kinyume cha sheria kwa miaka mingi, na wakazi wake walipigania haki yao hadi mapatano ya mwaka 2000. Taka hizo, zaidi ya tani laki 9, zilivushwa kwa meli na kuteketezwa hapohapo Naoshima kati ya 2003 na 2017. Pipa lile halikuwekwa mahali popote tu.

Umaarufu ulimjia akiwa bibi kizee. Mwaka 2021 jumba la Mori la Tokyo lilimjumuisha katika maonyesho ya wasanii wanawake 16 wa dunia nzima, mdogo wao akiwa na umri wa miaka 71. Mei 2024 jumba la sanaa la Nerima, Tokyo, likamfungulia maonyesho yake peke yake, kuanzia michoro ya ujana hadi matofali. Alifariki mwezi uliofuata, milango ikiwa bado wazi na watu wakiendelea kuingia.

Kuhusu karanga, nakubali kushindwa. Ila nimeanza kuyasoma yale makaratasi ya karanga kabla sijayatupa, na mara nyingi habari hukatika pale palipochanwa. Juzi nilipata nusu ya tanzia. Jina lilikuwa upande mwingine.