Kigego, Manamba na Mzigua wa Chogo: Waliotengwa katika Riwaya ya Kiswahili

Mtu mashuhuri kuliko wote katika masimulizi ya milima na mbuga za Handeni na Korogwe alikuwa mtoto ambaye, kwa desturi, hakupaswa kuishi. Mbegha, mwindaji wa Nguu aliyeanzisha utawala wa Wakilindi huko Usambaa, anatajwa katika Habari za Wakilindi kuwa alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Kigego aliaminiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima, na wengi waliuawa wangali wachanga. Mbegha aliachwa hai, lakini alipokua ndugu zake walimnyima urithi wakimwona nuksi, akaondoka na mbwa wake. Nguu hiyo leo imo katika Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Habari zenyewe ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewajua watawala wa Usambaa kwa karibu, na zilianza kuchapishwa na wamisheni wa Magila mwishoni mwa karne ya 19.

Habari za Wakilindi si riwaya, lakini zimeacha mfano ambao riwaya za baadaye zimeufuata, pengine bila waandishi wake kujua. Mbegha hakukubaliwa na Wasambaa kwa sababu mtu fulani alisimama akasema kumuua kigego ni dhuluma. Alikubaliwa kwa sababu aliua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mashamba, akawagawia watu nyama. Alikuwa na faida. Aliyetengwa alirudishwa kundini baada ya kulipa, na malipo yake yalikuwa makubwa kuliko yale anayodaiwa mtu mwingine yeyote. Ukitaka kupima namna fasihi ya Kiswahili inavyowachora waliosukumwa pembeni, anza na swali hilo: je, mhusika anapewa utu wake bure, au anaambiwa kwanza aulipie?

Swali hilo linafaa hasa kwa Takadini, riwaya ya Ben Hanson ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili vya Kidato cha Tatu na cha Nne. Maelfu ya wanafunzi, wa Korogwe na Handeni wakiwamo, wameisoma kwa ajili ya mtihani. Inatokea Zimbabwe ya kale. Sekai, mwanamke aliyekaa miaka mingi bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto huyo aondolewe. Sekai anambeba usiku na kukimbia, na jina analompa mwanawe ni swali la Kishona lenye maana ya “tumefanya nini?” Mwanafunzi wa Handeni anayekijua kisa cha Mbegha hawezi kukiona kitabu hiki kuwa cha ugenini. Ni kigego yuleyule, ila alama yake imehama kutoka kwenye meno na kuja kwenye ngozi.

Nguvu ya Takadini iko kwa mama. Sekai hajui kama mwanawe atakuwa na kipaji chochote. Anamwokoa kwa kuwa ni mwanawe. Baadaye kijana anajifunza kupiga mbira, na ufundi huo unaanza kuwalainisha wanakijiji. Hapo mfano wa Mbegha unarudi. Msomaji anafurahi, na ana haki ya kufurahi, lakini mwalimu makini angefaa kuwauliza wanafunzi wake: kama kidole chake kisingeweza kupiga hata ulimi mmoja wa mbira, angestahili kuishi? Tanzania haiwezi kulichukulia swali hili kama zoezi la darasani tu. Katika miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na neno “zeruzeru” lililokuwa limezoeleka midomoni likaanza kuachwa kwa sababu ya dharau iliyobebwa ndani yake.

Kitabu kingine cha orodha hiyohiyo ya shule, Watoto wa Mama N’tilie cha Emmanuel Mbogo, hakifanyi biashara hiyo na msomaji. Watoto wa mama anayeuza chakula mtaani Dar es Salaam wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na wanaishia kutafuta riziki jalalani. Hawana kipaji cha siri kitakachowaokoa. Hawaimbi wala hawaongozi darasa. Mbogo anawaacha wawe watoto wa kawaida, na kwa sababu hiyo hasira ya kitabu inaelekea kwa wanaowafungia mlango. Katika suala hili ni kitabu kilichokomaa zaidi kuliko Takadini.

Korogwe ina waliotengwa wake wa aina nyingine, na hao walitengwa kwa kazi. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza vikonyo vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na mbegu hiyo ndogo Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mashamba yakaenea kufuata reli kutoka Tanga kupitia Hale, Ngombezi na Magunga hadi Mombo na Mazinde. Wenyeji wengi hawakutaka kazi ya kukata mkonge kwa ujira ule, hivyo watu waliletwa kutoka mbali: Kigoma, Unyamwezi, Ubena, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, na kutoka kwenye namba hiyo wakaitwa manamba. Siku za kazi zilihesabiwa kwenye kipande cha siku 30. Waliishi kambini chini ya mnyapara, wakaamka alfajiri kwenda kukata majani yenye miiba, na wengine wakashinda kwenye korona, kiwanda cha kusaga majani hayo. Mtu aliyeacha jina lake kwao na kubaki na tarakimu alikuwa mgeni hata kwa mwenyeji aliyeishi ng’ambo ya barabara. Hadi leo neno “manamba” linaweza kutumika kama tusi kwa mtu anayefanya kazi duni.

Riwaya ya Kiswahili ilimfikia manamba kwa kuchelewa. Mwenzake wa bandarini alitangulia: Adam Shafi alimchora mpagazi wa Zanzibar katika Kuli, iliyotoka mwaka 1979, akitumia mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1948. Mtumishi na mkulima asiye na ardhi walikuwa tayari wamepewa sauti katika riwaya yake nyingine, Kasri ya Mwinyi Fuad. Upande wa bara, Gabriel Ruhumbika katika Miradi Bubu ya Wazalendo ya mwaka 1992 alimfuata mhusika anayeacha kwao kwenda kwenye mashamba ya mkonge, na kuonyesha kwamba uhuru na Azimio la Arusha havikumtoa mnyonge chini ya mzigo; mzigo ulibadilisha mwenye kuutwika tu. Ruhumbika hamwonei huruma manamba wake, na hiyo ndiyo heshima anayompa. Anampa hasira na maamuzi, pamoja na makosa yake mwenyewe.

Nje ya Kiswahili, Japani ilikuwa imekwisha kuandika kitabu cha namna hii zamani. Kobayashi Takiji alichapisha Kanikōsen mwaka 1929, juu ya vibarua wanaonyonywa ndani ya meli ya kusindika kaa katika bahari za kaskazini. Miaka minne baadaye aliuawa mikononi mwa polisi. Mwaka 2008 vijana wa Kijapani wasio na ajira za kudumu walikirudia kitabu hicho kwa wingi, kwa kuwa walijiona ndani yake. Lakini riwaya ya Kijapani inayoigusa Handeni zaidi ni Hakai ya Shimazaki Tōson, ya mwaka 1906. Mhusika wake, Ushimatsu, ni mwalimu kijana mwenye asili ya burakumin, watu waliodharauliwa kwa vizazi kwa sababu mababu zao walichinja wanyama na kutengeneza ngozi. Sheria ya mwaka 1871 ilikuwa imefuta daraja hilo, ila mioyo ya watu haikufutika. Baba yake alimwusia asifichue nasaba yake kamwe. Anaishi na siri hiyo hadi inamshinda, anakiri mbele ya wanafunzi wake, kisha anaondoka nchini. Wasomaji wengi wamelalamika kwamba Ushimatsu anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Ilibidi ipite miaka 70 ndipo Nakagami Kenji, mwenyewe mzaliwa wa jamii hiyo, apate Tuzo ya Akutagawa kwa hadithi aliyoiandika kutoka ndani, bila kumwomba mtu msamaha.

Handeni inayo nasaba ya namna hiyo. Katika karne ya 19 njaa kali iliwasukuma Wazigua wengi kuweka rehani watoto wao na nafsi zao ili wapate chakula pwani. Wengi hawakukombolewa. Walipakiwa majahazini na kuuzwa Somalia kulima mashamba ya kando ya mto Shebelle. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza waliotoroka wakielekea kusini kurudi Uzigua. Waliishia bonde la mto Juba, wakajenga vijiji, na wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya karne moja huku wakidharauliwa kwa nywele zao na asili ya utumwa. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi yao walikimbilia Tanzania kwa bahari. Waliwekwa Mkuyu, kisha wakahamishiwa Chogo, wilayani Handeni, mwaka 2003, na wengi wakapewa uraia. Walirudi mahali walikotoka mababu zao wakiwa na hadhi ya wakimbizi.

Rehani imeshapata mwandishi mkubwa: Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, aliijenga Paradise juu ya mtoto Yusuf aliyetolewa kulipia deni la baba yake, na tangu mwaka 2022 kitabu hicho kinasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Safari ya Wanankhucha, hata hivyo, haijapata nafasi katika riwaya zinazosomwa shuleni, ingawa kisa chake kinaishia umbali mfupi tu kutoka kwenye madarasa ya Handeni. Waliovuka bahari wakiwa watu wazima sasa ni wazee, na bado wanakijua Kizigua cha Juba na majina ya vijiji walivyoviacha. Wajukuu wao wanaandika Kiswahili vizuri. Walimu wa Kiswahili wa Handeni na Korogwe wawape madaftari sasa, wakawaketishe karibu na wazee hao.