Hojaji Isiyoijua Mali Kauli

Mwenzangu mmoja wa idara ya uchumi aliniomba nimtafsirie hojaji aliyokusudia kuipeleka kwa benki na wafanyabiashara wa Mombasa, ili achunguze matumizi ya hati za mikopo ya kibiashara. Swali la kwanza nililifasiri kwa uaminifu wote: "Je, biashara yako hutumia hati za mikopo?" Kisha nikafuatana naye mjini.

Benki haikututatiza. Ofisa aliyetupokea alijaza kurasa zote upesi, maana kwake kila hati ina jina na jalada lake. Kwa muuza leso mmoja wa Barabara ya Biashara, jibu lilikuwa fupi: "La, mwalimu. Mimi na mikopo ni mbali mbali." Mwenzangu akatia alama yake. Papo hapo akaingia kijana na robota la leso. Bibi yule akatoa kitabu cha hundi, akaandika tarehe ya mwezi uliofuata, akamkabidhi.

"Na hiyo, mama, si mkopo?" nikamwuliza.

"Hii? Hii ni mali kauli tu!"

Niliona haya, nami ndiye mwanaisimu. Mali kauli ni bidhaa ichukuliwayo kwa neno la mdomo, ilipwe ikishauzwa. Hundi nayo ililetwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na kwao haikuwa amri kwa benki tu, bali hati ya kuhamisha deni na kukopeshana baina ya miji. Tarehe ile ya mbele ilikuwa imeirudisha hundi kwenye kazi yake ya kale, ila hojaji yetu haikuwa na pa kuiandika.

Tulipozidi kuzungumza, alituambia kwamba mwaka mmoja hundi yake ya namna hiyo ilikataliwa benki kwa uhaba wa fedha. Mwenye mali alimtishia polisi. Akauza bangili zake za dhahabu usiku ule ule.

Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mkosaji mtu anayetoa hundi huku akijua akaunti haina fedha za kutosha. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kosa hilo haliihusu hundi ya tarehe ya mbele. (Aliyekwisha kuifunga akaunti hana kinga hiyo.) Deni lilibaki deni, naam, na angeweza kudaiwa mahakamani, hofu ya jela ndiyo iliyomtoa bangili. Sheria hiyo aliisomewa na nani, na kwa lugha gani?

Swali nimeliandika upya: "Ukichukua mali kabla ya kulipa, humwachia nini mwenyewe?" Mwenzangu analalamika kwamba sasa majibu ya benki na ya maduka hayalinganishiki. Bado tunabishana.